Nyumba ya Kambare, Mpaka Mtoto Ana Sharubu

Wadau, leo nina ugomvi na samaki.

Samaki mwenyewe ni kambare. Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa humwita mumi, na Wazungu humwita "catfish" kwa sababu ya zile sharubu zake kama za paka. Kwa wale ambao hamshindi mtandaoni (hivi mpo kweli?), catfish siku hizi ni mtu anayejifanya mtu mwingine kwenye intaneti. Anachukua picha za mrembo fulani wa nchi za mbali, anajipa jina, anajipa kazi nzuri, anajipa na msiba wa mama ili umwonee huruma, halafu anakaa kwenye simu yako miezi sita akikuita mpenzi. Siku ukigundua kwamba mrembo ni njemba lenye ndevu linalolipa kodi ya chumba kwa fedha zako, marafiki watakuambia umekutana na catfish. Watacheka mpaka wapaliwe na soda. Mada imefungwa.

Mimi naona mada haijafungwa, tena hata kufunguliwa bado. Neno hili limekuwa kama kapu la sokoni, kila anayejificha mtandaoni anatupwa humo humo. Tapeli catfish. Mpweke anayetafuta mtu wa kuongea naye usiku catfish. Kijana anayelipwa kuwatukana watu catfish. Karani anayefichua wizi wa ofisini kwake kwa jina la kubuni, naye catfish! Tukishawapa wote jina moja tunawapa wote hukumu moja, au tunawacheka wote kicheko kimoja. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Tuanze na neno lilikotoka, maana lina vituko vyake.

Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Catfish, ya waongozaji Henry Joost na Ariel Schulman. Inamfuata mdogo wake Ariel, Nev, mpiga picha kijana wa New York aliyependana kupitia Facebook na binti wa miaka 19 wa kule Michigan. Binti anaimba, anacheza dansi, ana ukoo mzima Facebook: mdogo wake mchoraji, kaka, marafiki, wote wanaachiana maneno matamu kila siku. Nev akafunga safari kwenda kumwona. Yule binti wa kwenye mazungumzo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama wa makamo, mwenye mume na watoto wawili wa mume wenye ulemavu mkubwa ambao ndiye aliyekuwa akiwalea, na ndiye aliyekuwa akiendesha akaunti zote zile peke yake. Kaka ni yeye. Rafiki wa kaka ni yeye. Aliyeandika "umependeza" chini ya picha, ni yeye.

Sasa jina. Karibu na mwisho mume wa yule mama anasimulia hadithi. Anasema zamani walikuwa wakisafirisha chewa wa bahari baridi wakiwa hai kutoka Alaska hadi China, lakini samaki wakawa wanafika wamelegea, nyama haina ladha, kwa kuwa hawakuwa na kazi ya kufanya ndani ya matangi. Mtu mmoja akabuni kuweka kambare humo. Kambare akawa anawasumbua, anawakimbiza, wanafika wakiwa wachangamfu. Basi, akasema mume, na katika maisha wapo watu kambare, wanaotufanya tusilale.

Umeona kituko? Mume hakuwa anamtukana mkewe. Alikuwa anamsifu! Hadithi yenyewe ni ya kale, ipo katika maandishi ya Waingereza tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kama kweli kuna mtu aliwahi kusafirisha chewa kwa mtindo huo ni mjadala wa wavuvi. Ila filamu ikapendwa, mwaka 2012 kituo cha MTV kikaanzisha kipindi chenye jina hilo hilo, na mwaka 2014 kamusi ya Merriam-Webster ikaliingiza neno kwa maana mpya. Sifa ya mke ikawa tusi la dunia nzima ndani ya miaka minne. Maneno nayo yana bahati mbaya kama watu.

Sisi tulikuwa na kambare wetu zamani. Bibi zetu walisema ukoo wa kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mpaka mtoto ana sharubu. Husemwa kwa nyumba ambayo kila mtu ni mkubwa na hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Hebu uchukue msemo huo uuweke kwenye intaneti uone unavyokaa. Daktari ana sharubu, na asiyewahi kugusa bomba la sindano ana sharubu. Mchambuzi wa katiba, mshauri wa ndoa ambaye ndoa imemshinda, nabii, mtaalamu wa hisa, wote sharubu. Kwa macho huwezi kujua nani baba na nani kifaranga. Kwa hiyo nikisema kambare simaanishi tu yule mwizi wa picha. Namaanisha maji yenyewe tunayoogelea humo.

Na msidhani jambo hili limeletwa na simu za kisasa. Kaka na dada zetu waliowahi zile intaneti kafe za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka vizuri. Ukiingia chumba cha soga, swali la kwanza ni umri, jinsia na unapokaa, na jibu la kwanza ni uongo. Vijana wa Temeke walikuwa wakijibu kwamba wapo London. Nyuma zaidi, tarehe 5 Julai 1993, jarida la The New Yorker lilichapa katuni ya Peter Steiner inayoonyesha mbwa akiwa kwenye kompyuta akimweleza mbwa mwenzake raha ya mahali ambapo hakuna anayejua kuwa wewe ni mbwa. Na hata hapo mbwa walikuwa wamechelewa. Katika miaka ya 1980, kwenye huduma ya CompuServe ya Marekani, kulikuwa na mwanamke mlemavu aliyejulikana kama Julie. Alikuwa mcheshi, mshauri wa wanawake wenzake, kipenzi cha wengi. Kumbe Julie alikuwa daktari wa akili, mwanamume wa New York. Jarida la Ms. liliandika kisa hicho mwaka 1985. Waliomlilia Julie hawakuibiwa hata senti moja, lakini waliumia kama waliofiwa. Walikuwa wamemwambia yeye mambo ambayo hawajamwambia mtu mwingine yeyote.

Nakaa hapo kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani hasara ni pesa tu. Ukiwauliza "kwani alikuchukulia shilingi ngapi?" na jibu likawa sifuri, wanakuona unalia bure.

Kisa kinachonisumbua mimi kama mwandishi wa habari ni kingine. Ni cha Amina.

Mwaka 2011, machafuko ya Syria yalipoanza kupamba moto, palikuwa na binti aitwaye Amina Arraf aliyekuwa akiandika kutoka Damascus. Msyria mwenye damu ya Kimarekani, msagaji, mpinzani wa utawala wa Assad, na anaandika Kiingereza kitamu. Aliandika jinsi maafisa wa usalama walivyokuja nyumbani usiku kumkamata, na baba yake akasimama mlangoni akawahutubia mpaka wakaona aibu wakaondoka. Dunia ililia. Magazeti makubwa yakamnukuu, The Guardian wakachapa mahojiano naye. Tarehe 6 Juni mtu aliyejitambulisha kuwa binamu yake akatangaza kwamba Amina ametekwa na watu wenye silaha. Kampeni za kumwokoa zikawaka, hadi wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaanza kumtafuta raia wake huyo.

Hawakumpata. Watu wachache wenye akili ya kipelelezi walianza kuuliza swali dogo: nani amewahi kumwona kwa macho? Hakuna. Mpenzi wake aliyekuwa Canada? Barua pepe tu, mamia kwa mamia. Picha? Ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa aliyekuwa akiishi London, ambaye alishtuka kujiona gazetini akiwa mateka wa Assad. Tarehe 12 Juni ukweli ukatoka: Amina alikuwa Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwenye mke na ndevu zake. Siku iliyofuata likatoka na lingine, kama vile la kwanza halikutosha. Mhariri wa tovuti ya wanawake wasagaji iliyokuwa ikichapa maandishi ya Amina, mama mmoja kiziwi, naye alikuwa mwanamume mstaafu wa Ohio. Wanaume wawili walikuwa wakiandikiana, tena kwa mahaba kidogo, kila mmoja akiamini anaongea na mwanamke. Baba sharubu, mama sharubu.

Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini tazama upande wa pili. MacMaster alijitetea kwamba msimulizi ni wa kubuni ila mambo anayosimulia ni ya kweli. Waliokuwa Damascus kweli, wasagaji na mashoga waliokuwa wakijificha kweli, waliwaka hasira. Walisema watu walijitokeza kumuulizia Amina na kwa kufanya hivyo wakajianika kwa polisi. Na kuanzia siku hiyo kila Msyria aliyeandika kwa jina la kificho, na sababu za kujificha alikuwa nazo, alikuwa na mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye si Mzungu wa Edinburgh.

Sisi waandishi je? Tulipenda Amina kwa kuwa alikuwa amekuja tayari amepikwa. Anajua Kiingereza, anajibu barua pepe upesi, ana msiba na ana ucheshi, na habari yake inaingia kwenye kurasa bila kukatwa. Msyria wa kawaida anasitasita, anajikanganya, hataki kupigwa picha. Nasema kwa ukali kidogo: kambare hufanikiwa kwa sababu anafanana zaidi na tunachokitaka kuliko mtu wa kweli anavyofanana nacho. Hapa kwetu ugonjwa ni ule ule. Fungua gazeti lolote uone habari inayoanza na "wananchi mtandaoni wamecharuka". Wananchi gani? Mwandishi amechukua maoni manne ya akaunti nne zenye picha ya maua, akaziita umma.

Hapo ndipo anaingia ndugu mwingine wa kambare. Kwenye lugha ya intaneti wanamwita kikaragosi cha soksi. Unavaa soksi mkononi, unaichora macho, unaiongelesha, nayo inakubaliana na wewe kwa kila kitu. Mfano ninaoupenda ni wa John Mackey, aliyekuwa bosi wa maduka ya vyakula ya Whole Foods ya Marekani. Kwa miaka kadhaa hadi 2006 alikuwa akiandika kwenye mabaraza ya fedha ya Yahoo kwa jina la Rahodeb, ambalo ni herufi za jina la mkewe Deborah zilizochanganywa. Akiisifu kampuni yake, akiiponda kampuni ya Wild Oats ambayo baadaye alitaka kuinunua. Mwaka 2007 akafichuliwa. Na kilichonimaliza mbavu, aliwahi hata kuusifu mnyoo wa nywele wa John Mackey. Yaani bosi mzima, usiku, anajiandikia kwamba amependeza!

Ya Mackey ni vichekesho. Ya kwetu hayachekeshi. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia taasisi ya Mozilla uchunguzi kuhusu Twitter ya Kenya. Walikuta kampeni 11, akaunti 3,700 na twiti zaidi ya 23,000 ndani ya miezi michache, na vijana wanaolipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni kama tatu kwa siku. Walikuwa wakiwaandama majaji na wanaharakati waliopinga mabadiliko ya katiba yaliyojulikana kama BBI. Jaji anaamka asubuhi anakuta Kenya nzima inamtukana. Kenya nzima ni vijana kadhaa wenye bando.

Uganda, Januari mwaka huo huo, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga mtandao wa akaunti ilizosema zinahusiana na kitengo kimoja cha Wizara ya Habari na Mawasiliano. Serikali ya Rais Museveni nayo ikajibu kwa kuifunga Facebook nchi nzima. Na Desemba 2021 Twitter ilitangaza kuondoa akaunti 268 za Tanzania zilizotumika kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya kundi la FichuaTanzania, lengo likiwa akaunti za wakosoaji hao zifungwe. Hebu itafakari hiyo. Akaunti za uongo zinamshtaki mtu mwingine kwamba anavunja sheria za mtandao. Mwizi amevaa kofia ya polisi anamwitia mwenye nyumba mwizi!

Nimekaa kwenye soksi muda mrefu kwa makusudi, kwa kuwa serikali zetu zikisema zinapambana na watu wanaojifanya watu wengine mtandaoni, mara nyingi soksi hazimo kwenye orodha. Anayetafutwa ni yule wa tatu, mwenye jina la kificho.

Na huyu, jamani, ana heshima yake katika lugha yetu. Washairi wa magazeti ya Kiswahili walijibizana kwa lakabu miaka na miaka, na msomaji hakuwa na haja ya kujua malenga anafanya kazi gani bandarini. Mwanamke wa Pwani akikasirikiwa na jirani huvaa kanga yenye maneno yake akapita mlangoni mara tatu. Kanga imesema, mvaaji yuko kimya. Ukimuuliza atakuambia nimeinunua dukani. Hatukuwahi kumwita mwanamke huyo tapeli. Tulijua kwamba kuna maneno ambayo mwenye nguvu kidogo hawezi kuyasema kwa mdomo wake mwenyewe akabaki salama.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Mimi sina tatizo na hilo. Ukichukua jina la mama yangu na picha yake ukawaomba shangazi zangu pesa, nenda ukajibu. Lakini kujifanya mtu mwingine ni jambo moja, na kukataa kusema wewe ni nani ni jambo lingine. Wa kwanza amemwibia mtu aliyepo. Wa pili hajamwibia mtu yeyote. "Mchungaji wa Nzi" hana cheti cha kuzaliwa wala ndugu wa kulalamika. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na baadaye kufikishwa mahakamani, na moja ya mambo yaliyokuwa yakigombewa ni kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wanaoandika kwa majina ya kificho. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotaka mpaka intaneti kafe ziweke kamera. Hakuna kati ya hayo lililokuwa na habari na mrembo anayekutoa pesa.

Naye mrembo hajasumbuka. Tulisajili laini kwa alama za vidole, tukapanga foleni za vitambulisho vya NIDA, siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, laini zikazimwa. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" uliacha kuja kwako? Kwangu haukuacha. TCRA wenyewe wameendelea kutangaza namba zilizofungiwa kwa utapeli baada ya hapo, na wametupa namba 15040 ya kuwapelekea. Vidole vipo, jina lipo, na tapeli bado anajiita baba mwenye nyumba. Vidole ni vya bibi kizee fulani kijijini aliyesajiliwa laini tano bila kujua.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ya kambare ni kila mtu kutumia jina la kwenye kitambulisho, naona anamwekea ndoano samaki asiyehusika. Tapeli atanunua jina la mtu. Wa soksi atapewa jina na bosi wake. Atakayenyamaza ni karani wetu.

Nirudi kwenye kicheko, ambacho nilikiacha njiani.

Mwaka 2012 Manti Te'o alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Septemba ile alifiwa na bibi yake, na karibu wakati huo huo, kama alivyoamini, na mchumba wake Lennay Kekua aliyekuwa na saratani ya damu. Akacheza hivyo hivyo. Magazeti na televisheni yakaipamba ile habari miezi kadhaa. Tarehe 16 Januari 2013 tovuti ya Deadspin ikaonyesha kwamba Lennay hakuwahi kuwepo, hakuzaliwa wala hakufa. Waandishi walioandika kifo chake hawakuwa wameona tangazo la msiba. Sasa nani aliyechekwa? Si wahariri. Alichekwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa akilala na simu sikioni akimsikiliza mgonjwa akipumua. Watu walipiga picha wamekumbatia hewa, wakaiita mchumba wa Te'o.

Kicheko hicho kina kazi yake. Kinamlinda kambare. Dada aliyetapeliwa milioni tatu hatakwenda polisi kwa kuwa anajua afisa wa zamu atawaita wenzake waje wasikie. Kaka ambaye amepigwa ndiyo kabisa, ataimeza mpaka kaburini. Kila asiyesema anamwachia mwenzake njia. Kama unao ushahidi kwamba wajinga ndio wanaoliwa, ulete; mimi ninaoona wakiliwa ni wahasibu, walimu, na hata wanasheria. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo bosi na wenzake wote walikuwa sura za kutengenezwa na kompyuta. Aliwaona kwa macho, akawasikia. Ule ushauri wa "mwambie akupigie video" umeanza kuzeeka.

Na kambare mwenyewe? Hapa ndipo cheko langu lilipokauka kabisa.

Siku hizi mrembo mwenye biashara ya sarafu za kidijitali anayekusalimia kwa makosa ("samahani, nilidhani ni namba ya Dokta Linda") pengine anaandika akiwa kwenye jengo lenye seng'enge mpakani mwa Myanmar na Thailand, au Kambodia. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi ni wasomi, maana kazi inataka lugha na kompyuta. Walijibu tangazo la ajira ya huduma kwa wateja Thailand, wakapokelewa uwanja wa ndege, wakavushwa mpaka usiku, pasi zikachukuliwa. Wanapewa simu kumi, picha za mrembo na maandishi ya kufuata: siku ya kwanza salamu, siku ya nne mapenzi, wiki ya tatu uwekezaji. Asiyefikisha kiwango anapigwa, wengine wamepigwa kwa umeme. Wakenya na Waganda wamo. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuwaokoa raia wake kutoka huko, na mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa nchi nyingi walipotolewa Myawaddy, Waafrika Mashariki walikuwemo tena.

Basi mtu wa namna hiyo tumwite nani? Amemdanganya mjane wa Ohio mpaka kauza nyumba. Wakati anaandika "nakupenda" alikuwa na alama za fimbo mgongoni. Aliyemdanganya mjane ni yeye, na yeye naye alidanganywa na wakala wa ajira mwenye ofisi, nembo na risiti, aliyejifanya kitu asichokuwa. Yule wakala hatumwiti catfish. Tunamwita wakala.

Nimeanza kuwatafuta waliorudi. Wanaogopa, kwa sababu wanadaiwa nauli na ndugu waliouza mashamba, na kwa sababu wanajua mtaani wataitwa matapeli kabla hawajamaliza sentensi ya kwanza. Ninachowaambia ni kwamba nitaona vitambulisho vyao, nitaona mihuri kwenye pasi, nitaongea na mama zao, na baada ya hapo jina nitakalochapa halitakuwa lao.